Wiki ya Barua za Benki

Jumatatu

Umeme umekatika saa mbili na nusu asubuhi, kijana wa kwanza akiwa bado anasubiri barua zake za kuomba kazi. Mvua ya masika iliyonyesha usiku kucha huko mlimani imejaza mtaro wa mbele ya duka, na maji yamebeba ule ubao tunaokanyagia kuingia. Nimeukuta kwenye genge la ndizi, nikaurudisha na kuuwekea jiwe. Umeme ulirudi saa nne. Printa ilipowaka, ikaonyesha kwamba wino wa bluu umekwisha.

Akaingia mama anayeuza mitumba Soko la Kilombero hapa Arusha, mweka hazina wa kikoba chao. "Dada, hebu nitolee hii kwenye simu. Ya rangi, wanachama waione ilivyo."

Ilikuwa barua pepe. Juu ina nembo ya benki ambako kikundi kinaweka fedha. Inaanza "Ndugu Mteja Wetu", inasema kwamba kufuatia agizo la Benki Kuu taarifa za wateja wote zinahakikiwa upya, na kwamba akaunti isiyohakikiwa ndani ya saa 24 itafungwa. Chini kuna kitufe cha bluu kilichoandikwa HAKIKI SASA.

Nimeitoa. Kwa kukosa bluu, nembo imetoka ya waridi. Mama ameikataa, akasema wanachama watafikiri ameitengeneza mwenyewe. Nimemtolea nyingine nyeusi na nyeupe, bila malipo.

Karatasi ilipotoka nikaona kwamba kile kitufe kimekuwa kisanduku cha kijivu chenye maneno mawili. Kinakwenda wapi, karatasi haisemi. Kikoba kizima kingekaa na karatasi ile jioni nzima, wakasoma kila mstari, na kitu pekee cha maana kisingekuwepo mbele yao. Nikamwomba simu. Nimebonyeza kitufe na kushikilia bila kuachia, mpaka anwani iliyofichwa ikatokea. Ilianza kwa jina la benki, ikafuata co, ikafuata tz, halafu kistari, halafu neno "uhakiki", na mwisho kabisa jina la kampuni ya nje inayogawa kurasa za bure kwa yeyote anayejiandikisha.

Tumepiga namba iliyo nyuma ya kadi ya benki. Muziki umepigwa mpaka salio langu likaisha. Mama ameondoka na karatasi, na ameniahidi kwamba kitufe hakitaguswa na mtu. Saa 24 zake, amesema, zinaisha kesho saa tatu.

Jumanne

Wamekuja saa mbili kasoro, mweka hazina, mwenyekiti na katibu. Benchi la wateja linabeba wawili, kwa hiyo katibu amesimama, na ndiye aliyezungumza zaidi. Anashikilia kwamba barua ni ya kweli. Kwanza, Kiswahili chake ni safi, hakina kosa hata moja, ilhali matapeli huandika ovyo. Pili, serikali ikisema hakikini, huwa inamaanisha. Ametukumbusha usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho uliwekwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa kweli. Yake ilizimwa. Namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ilikuwa haijatoka, na wateja walimkosa hadi alipoipata.

Sikuwa na la kumpinga katika hilo la pili. Nimelifikiria siku nzima nikitoa kopi. Watu wanaandikiwa vitisho ambavyo tayari wameviona vikitimia. Tumepanga foleni za vitambulisho, tumehakiki laini, tumehakiki vyeti, na asiyehakiki alikosa huduma. Mwizi hana haja ya kubuni kitu. Anaazima sauti ambayo sote tumezoea kuitii, na anayeitii si mjinga, ni raia mwenye nidhamu.

Lile la kwanza, la Kiswahili safi, nimelikataa. Zamani lilikuwa na nguvu. Februari 2016 wezi waliiba fedha za Benki Kuu ya Bangladesh. Mlango wao ulikuwa barua pepe walizowatumia wafanyakazi, zinazoonekana kama za mtu anayeomba kazi. Baadaye wakatuma maagizo kwa benki ya New York iliyotunza fedha hizo, ya kuhamisha karibu dola bilioni moja. Malipo ya dola milioni 20 yaliyokuwa yakienda Sri Lanka yalisimamishwa kwa sababu neno "Foundation" liliandikwa "Fandation", na benki moja ya Ujerumani ikauliza. Lakini dola milioni 81 zilishafika Ufilipino bila kosa la tahajia kuzizuia. Siku hizi kompyuta inamwandikia yeyote Kiswahili kisicho na doa. Anayesubiri kosa la tahajia atasubiri huku fedha zikiondoka.

Nimemwonyesha katibu namna ya kusoma anwani. Watu huisoma kuanzia mwanzo, wakiona jina la benki wanaridhika. Mwenye nyumba anajulikana kwa maneno ya mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza ulio peke yake. Yanayotangulia hapo, mtu anaweza kuandika apendavyo, hata jina la Benki Kuu yenyewe. Amesoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akarudia. Kisha akakaa kwenye benchi, mwenyekiti akasimama.

Saa tatu ilipofika tulikuwa bado tunazungumza. Wameondoka kwenda tawini kwa miguu, kwa sababu hiace zilikuwa zimekwama kwenye maji upande wa stendi. Mama amerudi mchana. Tawini wameambiwa benki haikutuma barua hiyo, na akaunti iko salama.

Jumatano

Mashine ya kopi imemeza cheti cha kuzaliwa cha binti anayetayarisha maombi ya mkopo wa chuo. Nimefungua mlango wa nyuma na kukitoa taratibu. Kimekunjamana kona moja, hakikuchanika. Nimekilaza chini ya rimu mbili za karatasi, binti akakaa kukilinda mpaka saa saba.

Dada anayefanya hesabu za kampuni ndogo ya utalii amekuja kutoa ankara. Miezi hii ya mvua wageni ni wachache, ndipo makampuni yanapolipa malipo ya awali ya vyumba vya msimu wa Juni. Amepokea barua pepe yenye jina la hoteli wanayoitumia siku zote, ikisema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, walipe kwenye hii mpya. Jina la mtumaji ni la yule yule meneja anayemfahamu. Tatizo ni kwamba jina hilo huandikwa na mtumaji mwenyewe. Kanuni ya kupeleka barua pepe iliyochapishwa mwaka 1982 haikumtaka mtumaji athibitishe kwamba ni yeye. Ukaguzi ulioongezwa baadaye unasaidia pale tu wenye mitambo wanapoufunga sawasawa, na haumzuii mtu kufungua anwani yake mpya na kuipa jina la meneja wa mtu mwingine.

Yeye hakuniuliza chochote. Alitafuta namba ya hoteli kwenye ankara ya mwaka jana, akapiga akiwa amesimama kaunta. Meneja akamwambia hakuna akaunti iliyobadilishwa. Namba iliyokuwa ndani ya barua yenyewe hakuigusa. Nimefurahi kuona mtu anafanya hivyo bila kuambiwa. Mwavuli wake ameusahau, nimeutundika nyuma ya mlango.

Alhamisi

Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu. Ni mzee anayekaa mtaa wa juu kuelekea Kituo cha Afya Levolosi, alifundisha shule ya msingi miaka 32. Alitaka nimtolee taarifa ya akaunti iliyotumwa kwenye barua pepe yake. Neno la siri ameliweka kwenye kikaratasi ndani ya kasha la miwani. Miwani yenyewe ilikuwa na ukungu wa mvua, akawa anaifuta kwa ncha ya koti.

Ukurasa ulipotoka ameupitisha kidole mpaka kwenye mistari mitatu ya Jumamosi. Fedha zimetoka mara tatu ndani ya robo saa. Ni sehemu ya kiinua mgongo aliyoiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba yake Akheri.

Nimefunga mlango nusu, nikamwekea kiti cha ndani. Ameeleza polepole. Ijumaa ya wiki iliyopita alipata barua ya benki ya kuhakiki taarifa. Akaifungua, akajaza jina, namba ya akaunti, tawi na namba ya simu. Alipofika kwenye namba ya siri akaacha, kwa sababu anajua namba ya siri haitolewi. Alijiona yuko salama, na kwa kiasi alichojua alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Jumamosi mchana akapigiwa simu. Kijana mwenye adabu sana. "Shikamoo mwalimu, nakupigia kutoka benki, tumeona hukumalizia kujaza." Alimtajia jina kamili, akamtajia tawi, akamsomea namba ya akaunti. Akamwambia imebaki hatua moja tu, atatumiwa ujumbe wenye tarakimu, amsomee. Ujumbe ukaja. Ndani yake iliandikwa usimpe mtu yeyote namba hii, lakini herufi zilikuwa ndogo na kijana yuko kwenye simu anasubiri, anasema mtandao utakatika. Akasoma tarakimu.

Hivi ndivyo kazi hii inavyofanywa, na natamani kila mwenye akaunti aelewe. Barua yenyewe mara nyingi haichukui fedha. Inakusanya vipande vinavyoonekana vidogo, ili simu ya kesho yake iwe ya kuaminika. Tulizoea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", unaotumwa kwa watu wote kwa kubahatisha. Utapeli huu haubahatishi. Unakuja na jina lako na tawi lako, na unakuamkia shikamoo.

"Nimefundisha watu kusoma," amesema mwalimu. "Usiwaambie watoto wangu."

Nimemwambia kwamba ameibiwa. Nimelisema mara mbili, kwa sababu yeye alikuwa anatumia neno jingine juu yake mwenyewe. Mtu akivunjiwa dirisha usiku mtaa mzima hutoka na tochi, lakini akiibiwa kwa barua pepe anaulizwa kwa nini alibonyeza. Swali hilo linamsaidia mwizi peke yake. Kuanzia Jumamosi mpaka leo mzee huyu amekaa na jambo hili kifuani, na ni saa zile za mwanzo ambapo fedha wakati mwingine huweza kuzuiwa zikiwa bado kwenye akaunti ya kupitishia, kabla hazijatolewa taslimu.

Tumepiga simu benki kwa namba ya nyuma ya kadi. Safari hii imepokelewa. Huduma ya simu imefungwa, kadi imefungwa, wamemtaka afike tawini na namba ya kumbukumbu ya taarifa (RB) kutoka polisi. Ile namba iliyompigia tumeiripoti kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwenye 15040. Nilipomwomba anionyeshe barua pepe yenyewe, akainamisha kichwa. Aliifuta Jumamosi usiku, hakutaka kuiona tena.

Nimeingia kwenye kapu la zilizofutwa. Huduma anayotumia huzitunza siku 30 kabla ya kuziondoa kabisa. Ilikuwepo. Nimeirudisha, nikafungua maelezo yake yote ya nyuma, njia iliyopita na anwani halisi ya mtumaji, nikayatoa kurasa nne. Wino wa bluu bado haujaletwa, lakini kurasa hizo hazina rangi.

Amekwenda polisi kabla ya saa sita. Mwavuli uliotundikwa nyuma ya mlango nimempa. Dada wa hesabu alipoufuata jioni nimemweleza, akasema mwalimu abaki nao mpaka mvua zipungue.

Ijumaa

Bati limevuja juu ya kaunta na kulowesha tangazo la kuonya kuhusu barua za benki nililobandika asubuhi. Nililiandika kwa kalamu ya wino, kwa hiyo limebaki neno "BENKI" na michirizi. Nimeliandika upya kwa kalamu isiyochujuka.

Chalii anayetengeneza simu mlango wa pili amelisoma, akasema mambo haya yanawapata wazee, yeye hawezi kupigwa. Sikukubaliana naye. Kati ya 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitumia Google na Facebook ankara za uongo kwa jina la kampuni inayowauzia vifaa, na wahasibu wao wakalipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa New York mwaka 2019 kifungo cha miaka mitano. Hao ndio wenye mitambo ya barua pepe na intaneti. Ikiwa wao wamelipa, umri si hoja. Kinachotazamwa ni mtu yuko katika haraka gani siku barua inapofika. Chalii amekaa kimya, kisha ameomba nimwonyeshe namna ya kusoma anwani. Ameelewa haraka kuliko wote.

Nimetumia alasiri kufunga akaunti za barua pepe ambazo wateja wameziacha wazi kwenye kompyuta ya dirishani. Ni nyingi. Mtu anatoa barua yake, analipa, anainuka na kuacha kila kitu, kuanzia vitambulisho na mikataba hadi taarifa za benki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na naamini inamgusa hata mwenye duka la kopi. Kuanzia leo kila mteja akiinuka, mimi ndiye ninayehakikisha ametoka, na kabrasha la vilivyopakuliwa linafutwa kabla ya kufunga duka.

Jumamosi

Kikoba kimeniita kwenye mkutano wao niseme machache. Wanakutana kwenye banda la bati nyuma ya soko. Nilipoanza tu mvua ikanyesha, na chini ya bati lile hakuna anayesikia hata aliye pembeni yake. Mwenyekiti ameashiria tusubiri. Haikukatika. Basi nimepita mmoja mmoja na simu mkononi, nikionyesha na kusema sikioni. Imechukua muda mrefu, lakini kila mtu ameshika simu yake mwenyewe na kubonyeza kwa kidole chake, na sidhani hotuba ingefanya hivyo.

Mama wa ndizi ameuliza kuhusu alama ya kufuli juu ya ukurasa, aliambiwa ukiiona uko salama. Kufuli linasema tu kwamba hakuna anayechungulia njiani kati yako na ukurasa. Mwenye ukurasa anaweza kuwa mwizi, na kufuli hilo hutolewa bure mtandaoni kwa yeyote tangu katikati ya miaka ya 2010.

Swali lililonikaa ni la mweka hazina. Mvua ilikuwa imepungua, wote wakamsikia. "Sasa dada, na barua ya kweli ya benki tutaitambuaje? Maana nayo ina nembo, nayo ina kitufe."

Nimejibu kwamba si lazima tuitambue. Hii ndiyo imani yangu baada ya kuziona barua hizi mwaka mzima kwenye kaunta. Tumejitwika kazi ya kupambanua barua ya kweli na ya uongo, na ni kazi iliyowashinda hata wahasibu wa Google. Iachwe. Ikija barua inayotaja akaunti yako, ifunge. Kisha nenda benki kwa njia unayoijua wewe, iwe ni tawi, namba ya nyuma ya kadi, au programu uliyoiweka mwenyewe kwenye simu. Kama kuna jambo la kweli, utalikuta huko linakusubiri. Kama hakuna, umepoteza nauli. Tarakimu zinazotumwa kwenye ujumbe hazisomewi mtu, hata akiwa na adabu, hata akikutajia jina la baba yako.

Nimesema pia jambo ambalo natamani lifike kwa wenye benki. Wapo wanaotuma barua za kweli zenye vitufe vya kubonyeza, za matangazo ya mikopo na zawadi, halafu wiki inayofuata wanatuonya tusibonyeze. Benki inayomzoesha mteja kubonyeza inamwandalia mwizi njia. Barua ya benki isiwe na kitufe hata kimoja, iseme tu "fika tawini" au "fungua programu yako". Gharama yake ni ndogo.

Katibu ameandika kwenye muhtasari kwamba barua yoyote ya benki itasomwa na viongozi watatu pamoja, na hakuna atakayeijibu akiwa peke yake. Azimio limepita kwa kunyoosha mikono. Kisha kila mmoja amepiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Mwanachama mmoja amekuta laini asiyoijua. Atakwenda nayo kwa mtoa huduma Jumatatu.

Jumatatu

Wino wa bluu umeletwa, lakini ni wa printa ya aina nyingine. Umerudishwa.

Mwalimu amefika saa mbili na nusu, mwavuli mkononi, RB mfukoni. Tawini wamemwambia aandike barua ya malalamiko ili kiasi kilichobaki kwenye moja ya akaunti zilizopokea kiendelee kuzuiwa wakati wa uchunguzi. Si fedha zote. Hakuna aliyemwahidi kwamba zitarudi, na sikumwahidi mimi.

Amenitamkia barua kwa mdomo, nami nikachapa. Amesimulia yote kwa mpangilio, barua ya Ijumaa, simu ya Jumamosi, tarakimu alizosoma, saa na dakika. Hakuficha kipengele. Umeme umekatika tukiwa aya ya tatu, amesubiri. Uliporudi ameisoma kwenye kioo, akanirekebishia alama ya mkato mahali pawili, akaomba nakala tatu. Moja ni ya benki. Moja ni ya polisi. Ya tatu ameikunja ndani ya bahasha na kuandika juu yake jina la mwanawe wa kwanza, aliyeko Babati, akaniuliza mabasi ya Babati siku hizi yanaondoka saa ngapi, ili ampe kondakta leo hii.